Cheti Bila Mtu, Mtu Bila Cheti

Machi 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania iliita vijana kwenye usaili wa kuandika. Nafasi zilikuwa 1,596. Walioomba walizidi 135,000, takriban watu 85 kwa kila nafasi. Karibu miaka 11 kabla ya hapo, Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70. Wakajitokeza zaidi ya watu 10,000, usaili ukafanyikia Uwanja wa Taifa, majukwaani, vijana karatasi mapajani. Anayesema uhaba wa ajira umeanza juzi, au umeletwa na uvivu wa kizazi cha simu, hajatazama nyuma vizuri.

Hesabu hiyo inapunguza uzito wa ushauri unaotolewa kila mahali, kwamba kijana atume maombi mengi zaidi na asikate tamaa. Moyo ni muhimu, lakini maombi 100 yenye kasoro ileile hukataliwa mara 100. Katikati ya jiji la Dar es Salaam nimeona watu wa aina mbili wakitafuta kazi hatua chache tu baina yao, wala hawajuani. Wa kwanza ametoka chuo. Ana cheti, ana nakala zilizogongwa muhuri wa wakili, ila hakuna mfanyabiashara hata mmoja anayeweza kusema, "Huyu namfahamu, mpe." Wa pili yuko sokoni Kariakoo tangu alipomaliza shule. Mabosi watatu wanaweza kumwachia funguo za stoo, lakini hana karatasi yoyote inayosema anajua nini. Nafasi ni chache, hilo halina ubishi. Juu ya uchache huo, ushindani wenyewe ni wa kuaminiwa na mtu asiyekujua, na wengi wanaotafuta kazi huongeza kila siku ile nusu ambayo tayari wanayo, ile iliyopungua wakaiacha palepale.

Serikali huamini karatasi, na ina sababu. Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma ripoti ya uhakiki iliyowataja watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Ajira mpya zilikuwa zimesimamishwa tangu mwaka uliotangulia, foleni ya wahitimu ikarefuka. Ukali wa vyeti unaoonekana leo kwenye matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma unaeleweka vizuri zaidi ukiukumbuka msako ule. Maombi hupitia Ajira Portal, na masharti hujirudia: vyeti vyenyewe vya kidato cha nne na sita, hati za matokeo hazikubaliki, cheti cha chuo, matokeo ya muda hayakubaliki, cheti cha kuzaliwa, na aliyesoma nje ya nchi awe amevipeleka vyeti vyake vikatambuliwa na mamlaka za elimu, TCU, NACTVET au NECTA.

Hapa watu huanguka kwa jambo dogo kuliko wanavyodhani: jina. Cheti cha shule kinasema Hamisi, kitambulisho cha NIDA kinasema Hamis. Au binti aliandikishwa shuleni kwa jina la babu, cheti cha kuzaliwa kikaandikwa jina la baba. Kurekebisha kunahitaji wakili, hati ya majina na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, kazi isiyokwisha kwa siku mbili, huku tangazo likiwa limebakiza siku mbili. Asiye na usaili wowote mwezi huu anaweza kuanza na hilo leo: aweke karatasi zake zote mezani, asome majina herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa nayo vilevile. Halafu ahuishe kwenye akaunti yake mahali anapoishi sasa, kwa kuwa siku hizi usaili wa mchujo hufanyikia mikoani na mtu hupangiwa kituo kwa anwani aliyojaza. Kijana anayeishi Mbagala huku akaunti yake ikisema Kagera anajitafutia nauli asiyokuwa nayo.

Kuhusu mtihani wenyewe, makundi ya WhatsApp yamejaa maswali ya zamani na watu huyakariri usiku kucha. Mimi ningesoma kwanza ile orodha ya majukumu iliyo kwenye tangazo, mstari kwa mstari, nikijiuliza kila jukumu linafanywaje, kwa sheria gani na kwa fomu gani. Na anayefaulu, nafasi zikachukuliwa na wengine, asidhani amepoteza kila kitu: Sekretarieti huweka majina ya waliofaulu kwenye kanzidata, na nafasi inayofanana ikitokea wanaweza kupangiwa bila kusailiwa upya.

Sasa tutoke serikalini. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilichoanzishwa mwaka 1965, kiko Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kutoka pale ukivuka Mnazi Mmoja na Mtaa wa Lumumba umeshaingia Kariakoo, soko linalolisha maduka ya nchi nzima na kupokea wanunuzi kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro. Ni mwendo wa miguu, tena mfupi. Hata hivyo wapo wanafunzi wa masoko na uhasibu wanaomaliza chuo bila kukaa hata wiki moja ndani ya duka la jumla. Sisemi hivi kuwalaumu. Hakuna aliyewaonyesha mlango, na mlango wenyewe hauna kibao.

Kariakoo haitangazi sana. Utaona karatasi imebandikwa kwenye nguzo, "Anahitajika dada wa kuuza duka", na namba ya simu chini yake, lakini nafasi nyingi huwa zimejazwa kwa maneno kabla karatasi haijachapwa. Na bosi ana haki ya kuogopa. Mzigo wa mamilioni unapita mikononi mwa muuzaji mmoja kila siku, fedha taslimu na za simu zimechanganyika, na jioni wakati wa kufunga hesabu shoti ikitokea hakuna kamera inayojibu maswali yote. Ndiyo maana maswali yake ya kwanza hayahusu masomo. Unakaa wapi? Nani anakujua hapa? Ulikuwa kwa nani, na mbona umeondoka? Ukimjibu vizuri atataka barua ya serikali ya mtaa, namba ya NIDA na wadhamini wawili wanaopokea simu. Mhitimu anayefika na bahasha ya vyeti peke yake anajibu maswali ambayo hakuulizwa.

Wengi huingia kwa deiwaka, kushika nafasi ya mtu aliyeumwa au aliyekwenda msibani. Wengine huanza kwa kupakua. Niliwahi kusimama Mtaa wa Mkunguni asubuhi gari linashushwa, vijana wanne wanapokea katoni kutoka juu. Watatu walikuwa wanazirusha ndani. Wa nne alikuwa na kalamu nene ya wino. Kila katoni iliyopita mikononi mwake aliandika namba ubavuni, na zilizolowa aliziweka peke yake karibu na mlango. Mzigo ulipokwisha mwenye duka na dereva wakaanza kubishana juu ya idadi, na kijana yule akawaonyesha namba ya mwisho aliyoandika. Ubishi ukaisha. Mwenye duka akamuuliza jina na anakokaa, wale watatu wakalipwa wakaondoka. Hayo ndiyo mahojiano ya kazi ya Kariakoo. Hufanyika bila kutangazwa, na swali lake ni moja: ukiachwa na mali ya mtu, macho yako yako wapi?

Kuna pia mawinga, wale wanaosimama nje kumpokea mteja, wakampeleka duka lenye bidhaa anayoitaka na kujipatia cha juu. Wanasemwa vibaya, na wengine wana makosa, maana mteja aliyepigwa bei harudi. Lakini winga mzuri anajua vitu ambavyo wenye shahada ya masoko wangelipia kuvijua: nani ana mzigo mpya, daraja la kwanza na la pili zinatofautishwaje kwa kugusa kitambaa, mteja wa Mbeya anahitaji kufungiwaje mzigo ili ufike salama stendi ya Magufuli pale Mbezi. Na maduka mengi sasa yanauza kwa Instagram na WhatsApp. Yanahitaji mtu wa kupiga picha nzuri, kujibu wateja kwa adabu hadi usiku, kupokea oda bila kuchanganya rangi na saizi, na kutoa risiti za EFD bila kukosea. Kwa maoni yangu hapo ndipo mhitimu na Kariakoo wanapoweza kukutana kwa urahisi zaidi kuliko popote. Aende kwenye duka ambalo ukurasa wake una picha mbaya, akiwa na picha tatu nzuri za bidhaa zao alizopiga mwenyewe, aseme, "Shikamoo bosi, naomba nikushughulikie ukurasa wako wiki mbili, tukubaliane nauli na chakula, ukiridhika tuongee mshahara." Wiki mbili, ikubaliwe hivyo tangu mwanzo. Kujitolea kusiko na tarehe ya mwisho kumewamaliza wengi.

Hii inatuleta kwenye lile linalouma kuliko yote: kumjua mtu. Vijana husema kazi ni koneksheni, na wakisema hivyo huwa wamekata tamaa, kana kwamba koneksheni huzaliwa nayo mtu. Upendeleo wa kindugu upo, unaumiza, na kwenye ofisi za umma ni kosa linalopaswa kuadhibiwa. Ila sehemu kubwa ya kinachoitwa koneksheni ni taarifa tu. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter aliwahoji watu wa mji wa Newton, jirani na Boston, jinsi walivyopata kazi zao, na matokeo yake akayachapisha kati ya mwaka 1973 na 1974. Zaidi ya nusu walipata kupitia watu. Kati ya hao wachache, kama mmoja kwa sita, walisaidiwa na mtu wanayekutana naye mara kwa mara. Wengi walisaidiwa na watu wa mbali kidogo: mwenzao wa kazi ya zamani, mtu wanayemwona kwa nadra. Sababu yake inaingia akilini. Ndugu na marafiki zako wa karibu wanajua mambo yaleyale unayoyajua wewe. Wa mbali ndiye anayesikia ya kwingine.

Hapa mjini watu wa mbali ni wengi kuliko tunavyowahesabu. Mwenzako wa kidato cha pili anayefanya uwakala wa forodha bandarini. Mama ntilie anayewalisha makarani wa jengo zima. Mjumbe wa mtaa wenu. Fundi simu wa Mtaa wa Aggrey uliyempelekea simu mara tatu. Hawa hawawezi kukusaidia ukiwaambia "nitafutie kazi yoyote", kwa sababu kazi yoyote hakuna anayeitafutia mtu. Ujumbe unaobebeka ni ule wenye kazi ndani yake: "Kaka habari za siku nyingi. Nimemaliza diploma ya uhasibu TIA, natafuta ukarani wa stoo au wa mauzo, nakaa Buguruni, naweza kuanza hata Jumatatu. Ukisikia, tafadhali nikumbuke." Huo mtu anaweza kumsomea bosi wake kama ulivyo.

Wasifu nao una tabu zake. Pembezoni mwa Kariakoo na mitaa ya Mnazi Mmoja kuna stesheneri nyingi zinazochapa barua, kutoa kopi na kulamineti vyeti. Keti ndani ya mojawapo nusu saa. Mteja anakuja, mchapaji anafungua faili la mteja wa jana, anafuta jina, anaandika jipya. Lengo maishani linabaki lilelile, Kiingereza kilekile chenye makosa yaleyale, na kwenye mambo anayoyapenda mtu kunaandikwa kusoma, kusafiri na kutazama mpira. Basi ofisa anayepokea bahasha 300 anapokea mtu mmoja mara 300. Simlaumu mchapaji, kwa bei ile hawezi kukaa kukuhoji. Nenda kwake ukiwa umeshaandika kwa mkono ulichofanya, si ulichosomea: "Nilitunza daftari la michango ya msiba ya watu 80", "Nilihesabu stoo ya duka la mjomba kila Jumamosi kwa mwaka mmoja". Sentensi mbili za namna hiyo humfanya msomaji asimame. Na wadhamini uliowaandika uwapigie kwanza. Profesa asiyekukumbuka hukuangusha kwa nia njema kabisa.

Je, kufundishwa mambo haya husaidia kweli? Addis Ababa lilifanyika jaribio kubwa: vijana wengine walipewa nauli ya kwenda kutafuta kazi mjini, wengine warsha ya kuandika wasifu, kujiandaa kwa usaili, na kupimwa uwezo wakapewa cheti cha kipimo hicho. Nauli ilisaidia kwa muda mfupi. Miaka minne baadaye waliopita kwenye warsha walikuwa na kipato kikubwa kuliko wasiopita. Uganda nako watafiti walilinganisha vijana waliosomea ufundi chuoni na waliofundishwa na mwajiri kazini. Makundi yote mawili yalinufaika. Waliofundishwa kazini walipanda haraka mwanzoni kisha wakapungua kasi. Wa chuo waliendelea kupanda, kwani cheti kiliwawezesha kumhama mwajiri mmoja kwenda kwa mwingine. Ujuzi wa wale wengine aliujua bosi mmoja tu.

Soma matokeo hayo ukiwa Kariakoo, au Gerezani kwenye karakana za vyuma, utaona yanamhusu nani. Fundi aliyeunganisha mageti miaka minane na hana karatasi hawezi kuingia kwenye kampuni ya ujenzi, maana meneja wa kampuni ile hamjui. Njia ipo. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, ina utaratibu wa kuwatambua waliojifunza kazi mitaani: unapimwa kwa vitendo, pengo likionekana unafundishwa kilichopungua, kisha unapewa cheti bila kuanza darasa la kwanza la ufundi. Kwa Dar es Salaam mahali pa kuanzia kuulizia ni chuo cha VETA Chang'ombe. Kwa wa upande wa ofisi viko vyeti vinavyofungua milango mahususi: cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki kwa wanaotaka bandari, mitihani ya ufundi ya NBAA kwa wahasibu, kozi za udereva wa abiria za Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Ningechagua kimoja kati ya hivi kabla ya kuongeza shahada ya pili niliyoikimbilia kwa kukosa kazi.

Matapeli nitawapitia haraka. Anayekuomba fedha ili akupe kazi hana kazi, iwe anaiita hela ya fomu, ya sare, ya kipimo cha afya au ya usajili. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka msingi kwamba wakala wa ajira hamtozi mtafuta kazi. Anayelipa ni mwajiri. Huduma ya ajira ya serikali, iliyoanza kama wakala wa TaESA mwaka 2008, huunganisha watu na waajiri na kuwapatia wahitimu nafasi za tarajali. Anayeahidiwa kazi Uarabuni apite pia hapo kuuliza juu ya mkataba wake kabla pasipoti haijaondoka mkononi mwake.

Ushauri mmoja unanisumbua, ule wa "jiajiri". Nchi hii iliwahi kuwa na Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, vijana wa Dar es Salaam wasio na kazi ya kuonyesha wakakamatwa na kurudishwa vijijini, kana kwamba kukosa ajira ni kosa la aliyeikosa. Leo hakuna anayepandishwa lori, lakini kiongozi anaposimama kumwambia mhitimu mwenye deni la mkopo wa elimu ajiajiri, bila neno juu ya mtaji, naisikia lawama ileile kwa sauti ya upole. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ipo: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Kwa kawaida huombwa kwa kikundi, na kikundi kilichoundwa ili kupata mkopo tu huvunjika mkopo ukifika. Anayeufikiria ajiunge na watu ambao tayari anafanya nao kazi. Amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, ufundi simu na uwakala wa fedha za mtandao zikiwemo, ilitolewa baada ya malalamiko ya wafanyabiashara wa Kariakoo. Imefungua nafasi kwa mwenye ujuzi na mtaji. Kwa muuzaji Mtanzania ambaye bosi mgeni alifunga duka, ilimaanisha kuanza kutafuta upya, na huyo anastahili kutajwa.

Ukishapata kazi, usiache nusu ya pili, ile karatasi, ikapotea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahusu duka la Kariakoo sawasawa na benki: saa 45 kwa wiki, siku zisizozidi 6, likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mshahara wa chini kwa sekta ya biashara ulikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi tangu Januari 2023, na viwango vimepandishwa tena kuanzia Januari 2026. Mwajiri anatakiwa kukupa maelezo ya kazi kwa maandishi, na kifungu cha 15 kinasema akishindwa kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unakuwa wake. Kama hataki kuandika, omba kwa heshima akulipe kwa simu, ujumbe wa muamala uhifadhi. Ukiachishwa kwa uonevu una siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wengi hufika siku ya 60 kwa kuwa walikuwa wanasubiri bosi apoe.

Na kifungu cha 44 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri ampe anayeondoka cheti cha utumishi. Ni wachache Kariakoo wanaokiomba. Kiombe siku unayoondoka, wakati bado mnasalimiana, hata kama utaondoka kwenda duka la pili kutoka hapo. Mwandikie mwenyewe rasimu ili asipate tabu: jina lako kama lilivyo kwenye NIDA, tarehe ya kuanza na ya kuacha, kazi ulizofanya, namba yake ya simu, saini, na muhuri wa duka juu yake.